Nani hasa aliianzisha vita ya 1914?

Kuna jibu moja la historia ambalo karibu kila aliyesoma sekondari hapa Tanzania analo kichwani, ukimwamsha usiku wa manane atakutajia: Vita Kuu ya Kwanza ilisababishwa na kugombea makoloni, mashindano ya silaha, miungano ya kijeshi, utaifa uliopitiliza na kuuawa kwa mrithi wa ufalme wa Austria pale Sarajevo, Bosnia. Pointi tano sita, unazipanga, unapewa maksi, unaenda zako. Mi hapa mtaani Magomeni nakaa sana na vijana wa form three na form four, tunapitia wote hayo madesa, na kila nikifika hapo napata hasira ileile, kwa sababu ukisoma mwanzo mpaka mwisho hukutani na mtu hata mmoja aliyeamua kitu. Ubeberu ndo unafanya, mashindano yanafanya, miungano inafanya. Watu hawapo. Na wakati watu ndo walioifanya, tena wachache tu, majina yao tunayo, telegramu zao zipo, tarehe zipo, mpaka masaa yapo.

Nianze na la makoloni maana ndo linalopendwa zaidi kwetu, na naelewa kwa nini, sisi ndo tuliotawaliwa. Lakini ukiangalia vizuri, Waingereza na Wajerumani kwenye mambo ya Afrika walikuwa wanaelewana kabisa, walitugawana bila kurushiana risasi. 1886 wakachora mpaka kuanzia Umba kuelekea Kilimanjaro, 1890 wakamalizia, Ujerumani ikaachia madai yake Zanzibar na sehemu nyingine za huku, yenyewe ikapewa kisiwa kidogo cha Heligoland kule bahari ya kaskazini. Hata miaka miwili kabla ya vita walikuwa wanazungumza chinichini namna ya kugawana makoloni ya Ureno, Angola na Msumbiji, endapo Ureno ingefilisika. Na Juni 1914, wiki mbili hivi kabla ya Sarajevo, walikuwa wameshafikia makubaliano juu ya reli ya Baghdad ambayo ilikuwa imewagombanisha miaka mingi. Kwa hiyo mtu akiniambia walipigana kwa sababu ya kugombania Tanganyika, namwuliza, mbona kwenye Tanganyika walishamalizana?

Bismarck mwenyewe, huyu aliyeitisha mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, alitembelewa mwaka 1888 na mtu mmoja aliyekuwa anamsisitiza Ujerumani ichukue ardhi zaidi Afrika. Akamwambia ramani yako ya Afrika ni nzuri sana, ila ramani yangu mimi ya Afrika iko Ulaya, huku Urusi, huku Ufaransa, na sisi tuko katikati. Kwangu hiyo ni moja ya kauli za kweli kabisa za wakati ule. Sisi kwao tulikuwa mali ya kubadilishana, kilichokuwa kinawanyima usingizi ni jirani zao.

Ila sasa msinielewe vibaya, sisemi Afrika haimo. Afrika imo, lakini sio kama tulivyofundishwa. Fuatilia huu mnyororo maana ni wa kweli na unanishangaza kila nikiurudia. 1905 Kaiser Wilhelm wa pili, mfalme wa Ujerumani, anashuka Tangier, Moroko, anatoa hotuba ya kumuunga mkono sultani ili kuwatia Wafaransa presha, lengo lake hasa lilikuwa kuvunja urafiki mpya wa Ufaransa na Uingereza wa 1904. Ikamgeukia, ule urafiki ndo ukakaza. 1911 Wajerumani wakarudia, wakatuma manowari yao ndogo, Panther, bandari ya Agadir, mwisho wa siku Ufaransa ikaichukua Moroko na Ujerumani ikapewa kipande cha Kongo ya Wafaransa kikaunganishwa na Kameruni, watu wa pale hawakuulizwa wala kupewa taarifa. Italia kuona hivo ikasema na sisi tunataka letu, Septemba 1911 ikaivamia Libya iliyokuwa chini ya Waturuki (na huko Libya ndo ndege ilitumika kwa mara ya kwanza kudondoshea watu mabomu, Novemba 1911). Uturuki ikaonekana imechoka. Basi Serbia, Bulgaria, Ugiriki na Montenegro nazo zikaona huu ndo wakati, Oktoba 1912 zikaishambulia Uturuki zikaifukuza karibu Balkani yote. Serbia ikatoka hapo eneo lake limekaribia kuongezeka mara mbili. Na mtu aliyekuwa anaitazama Serbia ikikua kwa hofu kubwa kuliko wote ni Austria-Hungaria, kwa sababu mwaka 1908 iliitangaza Bosnia kuwa mali yake rasmi na ndani ya Bosnia kulikuwa na Waserbia wengi waliotaka kuungana na wenzao. Kwa hiyo kutoka Moroko mpaka Sarajevo ni miaka michache tu, na kila hatua kuna mtu aliyesema twende.

Miungano nayo tuiweke sawa. Ni kweli ilikuwepo. Ujerumani na Austria 1879, Italia ikajiunga 1882. Bismarck alipoondolewa 1890, Kaiser kijana na washauri wake wakaacha mkataba wao na Urusi ufe, hawakuurudishia, kosa kubwa sana kwa maoni yangu, maana Urusi ikaenda zake kwa Ufaransa na 1894 wakawa na mkataba wa kijeshi. Ufaransa yenyewe ilikuwa na donda la 1871, iliponyang'anywa na Ujerumani majimbo ya Alsace na Lorraine. Ujerumani ikaanza kujenga meli za kivita kuanzia 1898 chini ya Tirpitz, mkuu wa wizara ya jeshi la majini, Uingereza ambayo maisha yake ni bahari ikastuka, 1906 ikazindua Dreadnought, manowari ya aina mpya yenye nguvu kuliko za zamani, 1907 ikapatana na Urusi. Sawa, yote hayo yapo kwenye madesa. Lakini kuna kitu hakisemwi: mkataba hauwezi kumlazimisha mtu asiyetaka. Italia ilikuwa mwanachama wa muungano na Ujerumani na Austria kwa zaidi ya miaka 30, Agosti 1914 ikasema hii sio vita ya kujilinda, sisi hatumo, ikakaa pembeni, na mwaka uliofuata ikaingia upande wa pili kabisa. Romania pia ilikuwa na mkataba wa siri na hao hao, nayo ikakaa pembeni. Kwa hiyo habari ya "walivutwa na miungano" mi siikubali, aliyetaka kukataa alikataa.

Sasa Sarajevo yenyewe, Jumapili tarehe 28 Juni 1914. Franz Ferdinand, huyo mrithi wa Austria, na mkewe Sophie wanapita mjini kwa gari la wazi, asubuhi hiyo kijana mmoja, Čabrinović, akawatupia bomu, likadunda likalipukia gari la nyuma likajeruhi watu. Ungetegemea ziara ifutwe. Haikufutwa. Wakaenda ukumbi wa mji, hotuba zikasomwa, halafu mrithi akasema anataka kwenda hospitali kumwona ofisa aliyejeruhiwa, wakakubaliana wabadilishe njia wanyooke na barabara ya mtoni wasiingie katikati ya mji, ila dereva hakuna aliyemwambia. Akakata kulia kama ratiba ya mwanzo ilivyokuwa, gavana Potiorek akamfokea kwamba sio huku, akasimamisha gari ili arudi nyuma, na pale pale liliposimama, mbele ya duka la vyakula, alikuwa amesimama Gavrilo Princip, umri miaka 19, na bastola. Risasi mbili. Wote wawili wakafa ndani ya muda mfupi.

Princip na wenzake walikuwa vijana wa Bosnia, silaha walipewa Belgrade, mji mkuu wa Serbia, na watu wa chama cha siri cha maofisa wa jeshi, Mkono Mweusi, na kiongozi wake, Dragutin Dimitrijević, ndo alikuwa mkuu wa ujasusi wa jeshi la Serbia. Kwa hiyo Serbia haikuwa malaika. Ila serikali ya Serbia na hao maofisa walikuwa hawaivi chungu kimoja, na kuna jambo linaniuma zaidi: Franz Ferdinand ndo alikuwa mkubwa pale Vienna, mji mkuu wa Austria, aliyekuwa akipinga kuipiga Serbia. Mkuu wa majeshi, Conrad von Hötzendorf, alikuwa ameshaomba vita na Serbia mara nyingi sana, anakataliwa. Princip akamwua yule aliyekuwa anakataa.

Hapo ndo zinaanza wiki tano ambazo mi naamini zinapaswa kufundishwa siku kwa siku, sio kwa mstari mmoja. Maana baada ya mauaji Ulaya haikulipuka kesho yake. Watu walienda likizo. Tarehe 5 Julai Austria ikatuma mjumbe Berlin kuuliza, tukiipiga Serbia na Urusi ikaingilia, mko na sisi? Kaiser akasema tuko na nyie hata ikitokea hivo, kansela wake, yaani mkuu wa serikali, Bethmann Hollweg akathibitisha kesho yake, wanahistoria wanaiita cheki iliyoachwa wazi, ujaze kiasi unachotaka. Kaiser akapanda jahazi lake la kifahari akaenda kutembea Norway. Nasema hivi bila kupindisha, kama kuna siku moja ya kulaumiwa kuliko zote ni hiyo, kwa sababu bila neno la Berlin, Vienna isingethubutu. Hata ndani ya Vienna waziri mkuu wa Hungaria, Tisza, alikuwa anapinga mpaka katikati ya Julai.

Tarehe 23 Julai saa kumi na mbili jioni Serbia ikapelekewa masharti, imepewa masaa 48. Saa ile walikuwa wameipangia kabisa, walisubiri rais wa Ufaransa, Poincaré, aliyekuwa ziarani Urusi, apande meli kwanza, ili Ufaransa na Urusi zisipate nafasi ya kukaa pamoja kushauriana. Masharti yenyewe yaliandikwa kwa nia yakataliwe. Serbia ikajibu ndani ya muda, ikayakubali karibu yote, ikagomea hasa lile la maofisa wa Austria kushiriki uchunguzi ndani ya ardhi yake, na balozi wa Austria akalipokea jibu, akalitupia jicho, jioni ileile akapanda treni akaondoka Belgrade.

Tarehe 28 asubuhi Kaiser, amesharudi kutoka Norway, anasoma jibu la Serbia, anaandika pembeni kwamba sasa kila sababu ya vita imeondoka. Mwenyewe kwa mkono wake! Siku hiyohiyo Austria ikatangaza vita. Urusi kule, mfalme wao, Tsar Nicholas, binamu yake Kaiser (walikuwa wanatumiana telegramu wakiitana Willy na Nicky), akasaini amri ya kuita jeshi lote, usiku wa tarehe 29 akapata telegramu ya binamu yake akaifuta, tarehe 30 mchana waziri wake wa mambo ya nje akambana mpaka akasaini tena. Fikiria hapo, mtu mmoja, kalamu moja, amri inatoka, inafutwa, inatoka tena. Huwezi kuniambia huo ni ubeberu unafanya kazi wenyewe kama mvua.

Na tarehe 1 Agosti jioni Berlin, kwangu hii ndo inatisha kuliko zote. Imeingia telegramu kutoka kwa balozi wao London inayoonyesha kama vile Ufaransa inaweza kukaa nje. Kaiser akafurahi, akamwambia mkuu wa majeshi, Moltke, basi tupeleke jeshi lote mashariki kwa Mrusi. Moltke akajibu haiwezekani, mipango imeshapangwa, treni maelfu, miaka ya kazi, ukibadilisha hutakuwa na jeshi, utakuwa na kundi la watu wenye bunduki wasio na chakula. Mpango wao ulikuwa mmoja tu, kuipiga Ufaransa kwanza kwa kupitia Ubelgiji halafu ndo wageukie Urusi, hata kama ugomvi umeanzia Serbia. Ile telegramu ikaonekana ni ya kutoelewana, Kaiser akamwita tena Moltke usiku, akamwambia fanya unavyotaka. Tarehe 3 wakatangaza vita na Ufaransa, tarehe 4 wakaingia Ubelgiji, nchi ambayo Prussia yenyewe pamoja na Uingereza na mataifa mengine walisaini 1839 kwamba haitaguswa. Bethmann Hollweg akamlalamikia balozi wa Uingereza kwamba mnapigana kwa ajili ya kipande cha karatasi. Kwenye baraza la mawaziri la London nusu walikuwa hawataki vita mpaka siku za mwisho, wawili, Morley na Burns, wakajiuzulu. Uingereza ikaingia usiku wa tarehe 4, na himaya nzima ikaingia nayo siku hiyo, India, Kenya, Nigeria, wote.

Hukumu yangu ni hii: Vienna na Berlin mbele, Urusi inafuata kwa kuita jeshi lote mapema, Ufaransa kwa kutomzuia rafiki yake, na Uingereza kwa kuchelewa kusema wazi itasimama wapi. Serbia kwa kulea wauaji ndani ya jeshi lake. Wote wana sehemu, ila sehemu hazilingani.

Sasa turudi huku Dar. Agosti 1914 mji huu ulikuwa unajiandaa na maonyesho makubwa, kusherehekea reli ya kati iliyokuwa imefika Kigoma mwaka huohuo. Na watu hawajui kwamba kulikuwa na mlango wa kutokupigana kabisa. Ile Hati ya Berlin ya 1885, kifungu cha 11, iliruhusu maeneo ya huku, pamoja na Afrika Mashariki, yasiingizwe kwenye vita hata mabwana zao wakipigana Ulaya, ila wote wakubaliane. Gavana wa Wajerumani hapa, Schnee, alitaka hivo, miaka saba tu ilikuwa imepita tangu Maji Maji iishe na aliona koloni lake litaharibika, akataka Dar na Tanga ziachwe ziwe miji isiyolindwa. Mkuu wa jeshi, Lettow-Vorbeck, aliyekuwa amefika Januari, hakutaka, yeye aliona kazi yake ni kuwashika askari wengi wa Uingereza huku wasiende Ulaya. Na Waingereza nao hawakutaka, tarehe 8 Agosti manowari yao Astraea ikaupiga mabomu mnara wa redio wa Dar. Novemba wakashuka Tanga na jeshi la watu kama 8,000 kutoka India, wakapigwa na jeshi dogo la Lettow lililokuwa na askari wengi Waafrika, wakarudi melini wakiacha bunduki na risasi ufukweni. Mlango ukafungwa na watu wa pande zote mbili, hapa kwetu, kwa uamuzi, kama kule kule Ulaya.

Vita ikazunguka miaka minne, Moshi, Morogoro, Rufiji, Mahiwa, ikavuka Ruvuma mpaka Msumbiji, ikaja kuishia Abercorn, Zambia ya leo, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza. Sehemu kubwa ya nchi hakukuwa na barabara za magari na ndorobo wanaua ng'ombe na farasi, kwa hiyo mzigo ulibebwa kichwani. Waingereza na wenzao waliandikisha wapagazi wapatao milioni moja kwa miaka yote hiyo, wengi kwa kukamatwa, na hesabu zao wenyewe zinaonyesha waliokufa walikaribia laki moja, kwa kuhara damu, malaria na njaa zaidi kuliko risasi. Upande wa Wajerumani kumbukumbu za wapagazi ni mbovu zaidi. Kariakoo hii tunayopigania kanga na spea, Waingereza walipouchukua mji Septemba 1916 ndo waliweka kambi ya hao wapagazi. Ugogo majeshi yote mawili yalipita yakichukua nafaka, ng'ombe na vijana, mvua zikakosekana, ikaja ile njaa ya Mtunya kuanzia 1917, inakadiriwa Wagogo 30,000 walikufa, mtu mmoja kati ya watano. Halafu mafua ya 1918 yakamalizia. Pale Posta sanamu ya Askari ya 1927 imeelekeza singe bandarini, maandishi yake yapo kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, yanaahidi kwamba ukipigania nchi yako hata ukifa wanao watalikumbuka jina lako. Nimezunguka ile sanamu nikitafuta jina la mpiganaji hata mmoja. Hamna.

Mkataba wa Versailles ukasainiwa tarehe 28 Juni 1919, miaka mitano kamili tangu Sarajevo. Kifungu cha 231 kikaibebesha Ujerumani na washirika wake lawama yote, jambo ambalo mi naona lilikuwa na ukweli mwingi ila sio wote. Kifungu cha 119 ndo kinatuhusu, Ujerumani ikaachia makoloni yake yote. Wakati wa kugawa, Uingereza ikachukua sehemu kubwa na 1920 ikaiita Tanganyika, Ubelgiji ikapewa Rwanda na Burundi, Ureno ikapewa Kionga, kile kipande kidogo kusini mwa mdomo wa Ruvuma, na ndo maana mpaka wetu na Msumbiji unafika baharini kwa kufuata mto.